Mstari Nilioutoa Kwenye Kibuyu

Nambis, jioni

Marselina mwanangu,

Nina miaka sabini na sita. Nimewazika kaka zangu wote, nimewazika mafahali ambao watu walikuwa wanapanda kutoka Masakta kuja kuwatazama tu, nimepita njaa, na nimepita radi iliyomuua mbuzi niliyekuwa nimemshika kamba. Kamba ilibaki mkononi, mbuzi akafa, mimi nikaingia ndani kula. Mapadre wamekuja hapa wakahamishwa, mimi nipo. Meno yameondoka, sauti ipo. Na katika hayo yote hakuna lililonikalisha chini kama neno lako la jana.

Ulikuwa unachambua maharage. Hata macho hukuinua. Ukasema mbele ya mama yako, "Baba, kesho ukisema slufay na ule mstari wako, mimi sitaitikia."

Nakuandikia kwa sababu nikikuambia kwa mdomo utanijibu, na ukinijibu nitakasirika, na nikikasirika utaondoka hujasikia. Karatasi inanisubiri nimalize. Naandika kwa Kiswahili, usishangae. Kuandika nilijifunza ngumbaru, na ngumbaru walitufundisha kwa Kiswahili. Kiiraqw changu kiko mdomoni tu. Barua hii nimeianza jua likiwa juu ya paa, sasa limefika kwenye migomba, ndiyo ujue nimeifanyia kazi. Mambo ya kufunga begi, na kula, na kuangalia wezi stendi, mama yako ameshasema na atasema tena. Mimi sina habari nayo.

Kesho asubuhi bodaboda itakuja kukupeleka stendi ya Mbulu, halafu basi, halafu Dodoma, chuo kikuu. Kabla hujapanda nitasimama mlangoni na kibuyu cha pombe ya asali, kama baba yangu alivyosimama na baba yake alivyosimama, nitayasema maombi yetu ya kibuyu, slufay. Mimi nasema mstari, watu wanaitikia. Nasema mwingine, wanaitikia. Unajua wewe kwamba slufay isiyoitikiwa haiendi popote. Inabaki mdomoni mwa msemaji kama nyama isiyotafunika, na mtoto anaondoka hana kitu mgongoni. Kitinda mimba wangu anataka kuondoka hana kitu mgongoni. Kwa kupenda mwenyewe! Mbele ya majirani!

Nilifikiri wewe ndiye utakayebaki upande wangu. Hilo ndilo lililoniuma. Wengine nimewazoea.

Nikukumbushe kwanza jinsi ulivyoanza. Ulikuwa kidato cha sita, ukaja likizo na simu ya mama yako, ukaniambia, "Baba, shikamoo, naomba nikurekodi. Tunafanya uhakiki wa mashairi, fani na maudhui." Nikakuuliza fani ni nini. Ukasema ni jinsi lilivyotengenezwa. Nikauliza maudhui ni nini. Ukasema ni kilichomo. Nikakuambia basi kumbe ni kibuyu na pombe, mngesema hivyo tangu mwanzo. Ukacheka mpaka ukakaa.

Halafu ukaanza maswali yako. "Baba, hili lina vina?" Nikasema vina sivijui. "Mistari inaishia kwa sauti inayofanana?" Nikasema inaishia kwa watu. Mimi nikimaliza, wao wanaitikia sauti ileile moja, kutoka kifuani, kama ng'ombe wengi wakinywa maji kwa pamoja. Hicho ndicho kina chetu, kama unataka kina. Kiko kwa watu, hakiko kwangu. "Na mizani?" Nikasema mizani ni pumzi. Pumzi ikiisha, mstari umeisha. Ndiyo maana mistari ya baba yangu ilikuwa mirefu kuliko ya wengine wote kuanzia hapa mpaka bondeni, na yangu ni mirefu kuliko yake. Uliandika yote. Nilikuona unaandika, nikajisikia mtu mkubwa, nakuambia kweli.

Uliporudi ulinieleza darasa lilivyokuwa. Mwalimu alisema hisia ya shairi ni furaha na shukrani, kwa sababu watu wanakunywa. Wewe ukanyoosha mkono, ukasema hapana, msemaji wa shairi hili amesalitiwa. Mimi sikusikia vizuri maana ya neno hilo siku ile. Nilisikia tu kwamba watoto wa watu, wenye sare, wamekaa kwenye madawati wanagombana juu ya maneno yangu. Nikamwambia kila niliyekutana naye Nambis hii. Hata mnadani nilisema. Nikasema slufay yangu inasomwa kama vitabu vya serikali.

Sasa jana ndiyo nimeelewa ulichosema darasani. Ulisema habari zangu mbele ya watu nisiowajua, na ulizisema kweli. Hapo mtu anafanya nini?

Mwalimu wako nisimseme vibaya, alisikia pombe akafikiri sherehe. Wengi wanafikiri hivyo. Wakatoliki wenzangu wengine wananiona nimeshika kibuyu wanadhani huyu mzee anaomba apate kulewa. Lakini ulevi unaotajwa mle si ule wa miguu. Nimewaona watu wakiyumba kabla kibuyu hakijazunguka, hawajaonja hata tone. Wamelewa kwa kuitikia. Wewe mwenyewe ulipokuwa mdogo uliwahi kuniuliza mbona Gwandu anayeniitikia analia na hajanywa.

Nakuandikia sehemu yake ya kati, hiyo ya pombe yenyewe, nikiigeuza kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili inapungua uzito, lakini utaijua.

Povu limepanda, na ndani ya mtungi hakuna mkono.
Nyuki alikwenda asikokujua, akarudi na utamu asioula.
Tukinywa, tumnywe aliyelipandisha povu.
Tukilewa, tulewe kwake, tusilewe kwetu wenyewe.

Hapo anasemwa Lo'a, Mungu wa juu, ambaye bibi yako alikuwa anamwita mama hata baada ya kubatizwa. Lakini umeona? Jina lake halitajwi hapo. Linatajwa mwanzoni na mwishoni. Kwenye pombe linafichwa, kwa sababu ukishakuwa umemshika mtu mkononi humwiti kwa jina. Hiyo alinifundisha baba yangu, na mimi nakufundisha wewe, na mwalimu wako umwambie imetoka kwangu. Na hisia yake si furaha. Ni kama ukibebeshwa mtoto wa mtu mwingine, mdogo sana, wa siku ile ile. Unafurahi, lakini huthubutu kupiga hatua.

Ndivyo ilivyokuwa nilivyoipokea. Halafu kaka yako akaondoka.

Yona hukumjua sana, ulikuwa bado unabebwa. Alipoondoka nilimsimamia mlangoni, nikasema yote kwa pumzi ndefu, watu wakaitikia mpaka mbwa wakaanza kubweka. Alikunywa. Alikunywa kutoka mkononi mwangu, akafuta mdomo, akasema, "Baba, nitarudi kwenye mavuno." Mavuno gani hakusema. Hajarudi. Siku bibi yako alipofariki nilimpigia akasema mtandao unasumbua. Mtandao! Alipooa nikaona picha kwenye simu ya Gwandu. Kwenye simu ya Gwandu, Marselina. Gwandu ndiye aliyenionyesha mkwe wangu.

Basi nikaongeza mstari. Mimi ndiye msemaji, nina haki ya kuongeza. Nikauweka palepale baada ya pombe, kabla kibuyu hakijafika mdomoni:

Aliyekunywa hapa akaenda asirudi, kibuyu chake kikauke.

Mara ya kwanza watu waliitikia. Labda hawakusikia vizuri. Mara ya pili sauti ilipungua. Mimi nikasema watu wa siku hizi hawajui kuitikia, vifua vimekuwa vya karatasi. Niliendelea nao miaka mingi, mpaka mavuno haya yaliyopita.

Ulikuwepo, lakini ulikuwa jikoni, kwa hiyo nakueleza mimi. Watu walijaa uani. Asali ilikuwa ya Hirbadaw, nilikwenda mwenyewe kwa wale Wabarbaig wafugaji, nikachagua mwenyewe, mzee wao akaniambia hajaona mtu wa milimani anayejua asali kama mimi. Gwandu alikaa mahali pake, kulia kwangu. Yeye ndiye mwitikiaji wa kwanza, wengine wanamfuata. Tulianza kazi hiyo tukiwa vijana, mimi nasema, yeye anaitikia, mpaka sauti yake nilikuwa siisikii tena kama sauti ya mtu. Niliisikia kama mwisho wa sauti yangu. Nikafika kwenye mstari wa Yona, nikausema. Kimya.

Nikadhani amepaliwa. Nikausema tena. Kimya. Na wengine wote, kwa sababu wanamfuata yeye, kimya.

"Gwandu, umelala?"

"Sijalala."

"Basi itikia."

"Sema unaofuata nitaitikia. Huo siuitikii. Yona nilimbeba mimi mgongoni alipougua surua, wewe ulikuwa mnadani. Siwezi kusema akauke."

"Nimesema kibuyu kikauke. Sijasema yeye."

"Kibuyu cha mtu kikikauka, mwenyewe anakunywa nini? Soda?"

Mtu akacheka. Bado sijamjua ni nani, na nikimjua atajuta. Nilikaa chini nikiwa sijamaliza. Pombe ikanywewa bila maneno, kama uji wa msibani. Tangu siku ile Gwandu akipita njia ya juu, mimi napita ya chini. Mtu anayekuitikia maisha yako yote unasahau kwamba ana mdomo wa kwake. Siku akiufunga ndiyo unajua ulikuwa husemi peke yako. Hilo nakupa ulibebe, na sikulipata kwa bei rahisi.

Ndiyo maana jana uliposema neno lako, niliona Gwandu wa pili amekaa anachambua maharage yangu. Nikakuuliza nani amekutuma. Ukasema hakuna. Nikasema ni walokole wa shuleni. Ukasema, "Baba, mimi slufay naipenda kuliko wewe." Kuliko mimi! Mama yako akasema, "Marselina, muogope baba yako." Ukasema, "Namuogopa, mama, ndiyo maana namwambia leo, sisubiri kesho nikae kimya mbele za watu."

Halafu ukachukua kijiti ukachora kwenye majivu. Ukachora duara kubwa, ukasema hapa ni mwanzo, Baba, unasema nchi ikae, mlima ukae, mvua ije taratibu. Pana. Halafu unaingia zizini, ng'ombe. Halafu nyumba. Halafu mtungi. Halafu kibuyu. Halafu mdomo. Kila mstari unazidi kuwa mwembamba. Halafu mtu anakunywa, na kuanzia hapo unafungua tena, tone hili lifike mlangoni, lifike zizini, lifike mtoni, lifike wasikotujua. Pana tena, kuliko mwanzo.

Nimesema slufay tangu kabla mama yako hajazaliwa na sikuwahi kuona umbo hilo. Nilikuwa nalitembea tu, kama mtu anavyotembea ndani ya nyumba yake gizani. Sikukuambia hivyo jana. Nilikuambia usichafue majivu.

Ukasema, "Sasa mstari wako umeuweka hapa, penye wembamba. Umeweka mwiba shingoni. Kila kitu kinachotoka baada ya hapo kinapita kwenye mwiba." Na ukasema, "Lifike wasikotujua. Huko ndiko ninakokwenda mimi, Baba. Huko ndiko aliko Yona. Mstari wetu ulikuwepo tangu zamani, wewe ukaweka mwingine wa kutuziba. Nikiitikia kesho, nitakuwa nimejilaani mwenyewe kwa mdomo wangu, na pombe yako nimeshika mkononi."

Nikatoka nje. Unasema niliondoka kwa hasira. Niliondoka ili usijue kwamba lile umbo nimeliona.

Leo baada ya chakula cha mchana nilikwenda zizini kukuonyesha kwamba umekosea. Hukuwepo, lakini nilikuonyesha hivyo hivyo. Nikasema slufay nzima, na mstari ndani, kwa sauti kamili. Ng'ombe walinitazama. Nilipofika kwenye lile tone, mlangoni, zizini, nikajikuta nakimbia. Nasema haraka haraka kama mtoto anayemaliza salamu kwa mgeni. Mtoni sikufika kwa pumzi. Nikasema ni uzee. Nikanywa maji, nikarudia bila mstari.

Nisikilize, sijasema umeshinda. Nasema pumzi ilifika. Ilifika mtoni ikapita, ikafika wasikotujua, na ilikuwa bado ipo. Nilisimama pale na pumzi imebaki kifuani na maneno yameisha, na sikujua niipeleke wapi.

Basi. Jambo lingine ni kwamba kichujio chetu kimetoboka, na pombe ya kesho ina vipande vya nta. Nikaenda kuazima. Kuna nyumba nyingi zenye kichujio hapa Nambis, lakini nilikwenda kwa Gwandu. Alikuwa ananoa jembe mlangoni. Hakusimama.

"Umekuja kuomba msamaha?"

"Nimekuja kuomba kichujio."

"Kichujio kipo. Msamaha nao upo. Chukua vyote, ni njia moja."

"Kichujio kinatosha."

Akaingia ndani akakaa huko muda mrefu, makusudi, namjua. Akatoka nacho, akanishikisha, hakukiachia.

"Ni pombe ya nani?"

"Ya Marselina. Anaondoka kesho."

"Na mstari?"

"Mstari upi?"

"Mzee mwenzangu, usinifanye mtoto. Huna meno, mimi sina nywele, tudanganyane nini?"

Nikamwambia nitakachofanya, nitakueleza na wewe sasa hivi. Akakiachia kichujio. Akasema, "Nitakuja. Lakini ukiusema, naondoka na kichujio changu, mnywe nta." Nikamwambia hana adabu. Akasema alijifunza kwangu. Nilirudi nyumbani nikipita njia ya juu, kwa sababu ndiyo fupi.

Sasa sikiliza nitakachofanya. Mstari ule sitausema kesho. Sitausema tena kwenye mlango wowote. Usifikiri nimeufuta, mimi sifuti. Yona alininywea pombe yangu akanigeuzia mgongo, na hiyo ni kweli leo kama ilivyokuwa kweli mwanzo. Gwandu aliniacha nimesimama peke yangu mbele ya watu. Wewe umenisema darasani, na jana umenisema nyumbani. Ninyi watatu mmenisaliti, na sina wengine ninaowapenda kiasi hicho nje ya mama yako. Nimeliandika hapa ili lisemwe. Na mstari wenyewe nimeuandika hapo juu, kwa mkono wangu, umeuona. Umehama kwenye kibuyu, umekuja kukaa kwenye karatasi. Karatasi haiitikiwi na mtu. Hapa unaweza kukaa mpaka uoze, haumkaushi yeyote.

Barua ni yako. Uichome, uitunze, uwasomee huko chuoni wakagombane tena juu yangu, ni shauri lako. Ukiwasomea, usisahau kuwaambia pumzi yangu ilivyo ndefu.

Kesho nikifika kwenye wembamba, baada ya kusema tulewe kwake, nitanyamaza kidogo. Usidhani nimesahau, mimi sijawahi kusahau neno. Pale palikuwa na kitu, nitakuwa nakiruka. Mtu wa umri wangu akiruka anahitaji muda. Halafu nitakupa kibuyu, na nitaanza kufungua, mlangoni, zizini, mtoni. Kuitikia au kutoitikia ni kwako. Siwezi kukushika mdomo. Lakini nitasema polepole, ili kama unataka, upate nafasi.

Na kama kuna siku utasimulia na watu wakakuambia mzee yule mkaidi hawezi kuwa alitoa mstari wake mwenyewe, muulize Gwandu. Atakusimulia kwa kucheka na ataongeza ya kwake, lakini hilo atalisema kweli. Muulize na mama yako. Yeye ndiye aliyeniona nikiingia na kichujio cha Gwandu mkononi.

Baba yako